Nina miaka 24 na bado sijui ni kazi gani itakayoukaa moyo wangu

BintiKuze

Assalam aleikum wazee wangu na ndugu zangu.

Naandika haya usiku, baada ya kulibeba jambo hili kwa muda mrefu bila kupata wa kumtulia. Nina umri wa miaka 24. Nilihitimu shahada ya biashara mwaka 2023, na kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa sasa nimekuwa nikifanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha ya ami yangu, hapa kisiwani Mombasa. Kazi yangu ni kupokea hati za shehena, kuzilinganisha na ankara, kuingiza maelezo yake kwenye kompyuta, na kuwapigia simu wenye mizigo ili wajue kontena zao zimefikia wapi. Ami hunilipa kwa wakati na hunitendea kama mwanawe wa kumzaa, kwa hiyo sisemi kwamba nimedhulumiwa. Ila jioni, ninaporudi nyumbani, huwa sikumbuki jambo hata moja la siku hiyo ambalo ningetamani kulirudia kesho yake.

Kinachonihangaisha zaidi ni kuwaona wa rika langu ambao wanajua walichoumbiwa. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja amekuwa mfamasia, na akianza kueleza jinsi dawa mbili zinavyoweza kugombana mwilini mwa mgonjwa, uso wake hung'aa kama wa bibi harusi. Binamu yangu ni baharia, na tangu akiwa mtoto hakuwahi kutaka kitu kingine. Mimi nimejaribu mambo mengi na yote yameniponyoka. Mwaka 2022 nilianza kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa masomo ya intaneti, nikaacha baada ya wiki sita. Baadaye nilioka keki za kuuza, na nilipofika keki ya nne ya harusi nikawa siwezi kuvumilia hata harufu ya sukari.

Mwaka jana nilijiunga na darasa la kupiga picha la miezi miwili. Kila Jumamosi tulikuwa tukitembea Mji wa Kale, kuanzia Fort Jesus hadi Kibokoni, na mwalimu alitutaka tupige picha za watu na shughuli zao: wauza kahawa, wavuvi, watoto wakitoka chuoni. Mimi kila mara nilirudi na picha za milango. Alinikaripia mbele ya wenzangu, akasema nina macho ya mbao. Nilijaribu kumweleza kwamba katika mlango mmoja wa Ndia Kuu, mfaa wake, yaani ule mti wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana, una maua yaliyochongwa kwa mikono miwili tofauti, kwa sababu petali za juu zimekatwa kwa kina na zimelala kuelekea kushoto, ilhali za chini ni fupi, zimesimama wima, na kingo zake hazina ule ukali. Nikamwonyesha pia kwamba mnyororo uliochongwa kwenye miimo ya mlango wa jirani yake una pete moja iliyoachwa bila kumalizwa, karibu na kizingiti. Akajibu kwamba hayo si somo la picha. Darasa lilipokwisha niliiweka kamera kabatini, na imo humo mpaka leo.

Mamangu ananiambia kwamba mchagua nazi hupata koroma, na kwamba niwache kuhangaika, niishike kazi niliyonayo. Naogopa kwamba ana haki, na naogopa pia kwamba hana. Naomba mnijibu kwa ukweli: je, shauku ya kazi hutafutwa au hungojewa? Yawezekana mtu akaumbwa bila kuwa nayo kabisa? Na je, niache kazi ya ami ili nipate nafasi ya kuitafuta?


MwalimuWaBamburi

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nimefundisha shule ya upili kwa miaka 22, na kwa miaka tisa ya mwisho nimekuwa mwalimu wa ushauri nasaha, kwa hiyo swali lako nimelisikia mara nyingi, ingawa kwa kawaida hulisikia kutoka kwa watoto wa miaka 17 wanaotakiwa kuchagua kozi za chuo kikuu kabla hawajawahi kuishika kazi yoyote kwa mikono yao. Nitaanza na neno ulilolitumia. Unauliza kama shauku "hutafutwa", kama pete iliyoanguka mchangani, ambayo ipo nzima mahali fulani na inangoja tu kuokotwa. Naamini picha hiyo ndiyo inayokuchosha, kwa sababu kila unapofukua mchanga usiione pete, unahitimisha kwamba umefukua pasipo pake, ukahamia kwengine.

Mwaka 2018 wanasaikolojia watatu, Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton, walichapisha utafiti uliolenga jambo hili hasa. Katika mojawapo ya majaribio yao waliwaonyesha wanafunzi wa chuo filamu fupi ya kuvutia kuhusu mashimo meusi ya angani, na wanafunzi wakaipenda mada hiyo. Kisha wakawapa makala ngumu ya kisayansi juu ya mada hiyo hiyo. Wale walioamini kwamba mapenzi ya mtu huwa yamekamilika ndani yake tangu mwanzo ndio ambao hamu yao ilipungua zaidi mara walipokutana na ugumu, ilhali walioamini kwamba mapenzi hukuzwa walistahimili vyema zaidi. Tazama mambo uliyoyaacha: programu uliziacha katika wiki ya sita, na nijuavyo mimi kutoka kwa wanafunzi wangu, wakati kama huo ndipo mambo rahisi huisha na makosa yasiyoeleweka huanza. Sisemi kwamba ungalivumilia ungalizipenda. Nasema tu kwamba ugumu peke yake haukuwa ushahidi wa kutosha.

Watafiti wengine wawili, Suzanne Hidi na Ann Renninger, walieleza mwaka 2006 kwamba hamu hukua kwa hatua nne. Kwanza huwashwa na kitu cha nje, kama vile rangi za keki au sifa za watu. Pili hudumishwa na mazingira: mwalimu mwema, wenzako, kazi inayokuhusu. Tatu huanza kuwa yako, ukawa unairudia bila kuitwa na unajiuliza maswali ambayo hakuna aliyekupa. Nne hukomaa, ikawa inastahimili hata siku mbaya. Vijana wengi huipima hatua ya kwanza kwa mizani ya hatua ya nne, kisha hujiona hawana kitu.

Niruhusu nikupe mfano wa huku kwetu, kwa sababu kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu kuuona. Haller Park, watu wanapokwenda kutazama twiga na viboko, ilikuwa machimbo ya kampuni ya saruji: jiwe tupu la matumbawe, bila udongo na bila kivuli. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni hiyo, alipanda aina 26 za miti katika jangwa lile, na baada ya miezi michache ni aina tatu tu zilizokuwa hai, mvinje ukiwa mmojawapo. Hata mvinje nao ulileta shida yake, kwani majani yake membamba yalidondoka yakarundikana bila kuoza. Ndipo yakaletwa majongoo, haya haya tunayoyafagia milangoni wakati wa mvua, yakayala majani na kuyageuza kuwa udongo, na udongo ule ndio ulioiwezesha miti mingine kumea. Huwaambia wanafunzi wangu wahesabu: 26, kisha tatu, kisha msitu. Wewe umejaribu matatu, nawe umeshaanza kuomboleza.

Kuhusu mama, mheshimu na umsikilize, lakini methali ile humkemea anayezitupa nazi nzuri kwa sababu ya ubishi wa kuchagua. Haimhusu mtu ambaye bado hajajua nazi pevu hutikiswa vipi.


MzeeWaKilindini

Salaam kwenu nyote. Mwalimu ameeleza vizuri, nami sina elimu ya kumpinga, lakini kuna jambo moja ambalo mnalichukulia kama limekwisha kukubaliwa, nami silikubali. Mnazungumza kana kwamba kitu ambacho mtu anakipenda ni lazima kiwe ndicho kinachompa mkate.

Mimi niliendesha kreni bandarini kuanzia mwaka 1984 mpaka nilipostaafu mwaka 2016. Sikuwahi kuipenda kazi ile, wala sikuwahi kuichukia. Niliiheshimu, kwa sababu chini ya ndoano yangu walikuwako watu wenye wake na watoto, na mtu asiyeiheshimu kreni huua. Kazi ile imesomesha watoto watano na kujenga nyumba ninayoandikia maneno haya. Mapenzi yangu yalikuwa kwengine kabisa. Nakaa Mikindani, na miaka mingi iliyopita, nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nilimfuata jirani yangu aliyekuwa akishuka pwani kupanda mikoko katika mkono wa bahari wa Tudor, pale ambapo watu walikuwa wameikata kwa ajili ya kuni na mapau. Nilikwenda kwa ajili ya mazungumzo tu. Akanionyesha kwamba tunda la mkoko huanza kuota likiwa bado juu ya mti, likarefuka kama fimbo, na kwamba ukilitia matopeni kichwa kikiwa juu, na ukaujua usawa wa maji, halihitaji kitu kingine kutoka kwako. Nikarudi wiki iliyofuata, na mpaka leo bado narudi. Ninaijua mikandaa na michu ya pale kama ninavyowajua wajukuu wangu, na hakuna aliyewahi kunilipa hata shilingi moja.

Kwa hiyo, mwanangu, usiione kazi ya ami yako kuwa ni ukuta. Kazi yenye saa maalumu na mshahara wa uhakika huweza kuwa ndiyo inayokununulia Jumamosi yako. Na usiwaonee wivu sana wenzako, kwani hata binamu yako baharia, ukimwuliza mwezi wa saba wa safari, huenda akakupa jibu jengine.


CherehaniYaMajengo

Dada yangu BintiKuze, nimesoma uliyoandika mara mbili, na nimesoma majibu ya mwalimu na ya mzee, nao nawashukuru, lakini nashangaa kwamba wote wawili wameipita milango.

Hebu rudi ukajisome mwenyewe. Shahada yako umeieleza kwa nusu ya sentensi. Programu umezipa sentensi moja na keki nyingine moja. Ulipofika kwenye milango ya Ndia Kuu ukatueleza petali zimelala upande gani, kingo zina ukali kiasi gani, na ni pete ipi ya mnyororo haikumalizwa. Hatukukuuliza hayo, wala hayakuhitajika katika swali lako, na mwalimu wako wa picha alikuwa amekwisha kukukaripia kwa ajili yake, nawe bado umeyaandika. Mwalimu wetu wa Bamburi amesema kwamba katika hatua ya tatu mtu hujiuliza maswali ambayo hakupewa. Ni nani aliyekupa swali la mikono miwili katika mfaa mmoja? Nadhani ulipoiweka kamera kabatini uliamini kwamba umeshindwa na jambo la tatu, kumbe kilichokuwa kikikuvuta hakikuwa kamera.

Sasa nikueleze yangu, usije ukadhani njia hii ni laini. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili nikaenda kushona. Tangu utotoni nilikuwa nikifumua nguo za dada zangu ili nione zimeungwaje ndani, kwa hiyo simkubalii mwalimu moja kwa moja. Wako watu ambao jambo lao huwajia mapema sana, nami ni mmoja wao. Lakini kujua mapema hakukunipunguzia chochote. Babangu hakusema nami kwa miezi minne. Mkopo wa masomo nilikuwa nadaiwa, na deni halikuuliza kama nimefuata moyo wangu. Kwa fundi wangu wa kwanza nilikaa miezi 11 bila kuruhusiwa kukata kitambaa hata mara moja: nilipindia, nilitia vifungo, nilifumua mishono iliyokosewa na wengine, na jioni nilifagia. Naijua sauti ya wembe mdogo ukipita katika uzi kuliko ninavyoijua sauti ya simu yangu. Wanagenzi wenzangu watatu waliondoka kabla ya Ramadhani ya kwanza, na mmoja wao alikuwa na mkono bora kuliko wangu. Sikuondoka kwa sababu kufumua hakukunichosha. Ukiutatua mshono wa mtu, unayaona mawazo yake yote: alipoharakisha, alipotia shaka, alipozungumza na mtu huku akishona.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mdogo na ni wa wiki hii. Usiache kazi. Mtafute fundi seremala anayechonga nakshi, mwenye karakana ya kweli na watu wanaofanya kazi mbele yake, umwombe nusu ya siku ya Jumamosi. Usimwambie kwamba unatafuta shauku, kwa sababu atadhani una homa. Mwambie unataka kujua mlango hutengenezwaje, na ukubali kazi yoyote atakayokupa. Ukipewa msasa, piga msasa. Baada ya Jumamosi nne utajua kama ulikuwa unaipenda milango au ulikuwa unapenda kuitazama tu, na mambo hayo mawili yote ni halali. Kuna watu wanaoitazama milango kwa kazi, wakaiandika, wakaihesabu na kuihifadhi, bila wao kushika patasi.

Mpeleke ami au mtu mzima wa nyumbani akuombee nafasi hiyo. Si kwamba huwezi kujisemea, bali karakana nyingi hazijazoea kumwona mwanamke akiingia kujifunza, na neno la mtu anayejulikana msikitini hufungua mlango upesi.


MwalimuWaBamburi

Dada CherehaniYaMajengo, umeniona na nimekubali. Niliisoma ile sehemu ya milango kama malalamiko dhidi ya mwalimu mwenzangu, nikaiharakia, na kwa mtu wa kazi yangu hilo ni kosa zito. Pia nakubali kwamba wako wanaolijua jambo lao mapema; ninachokataa ni kuwafanya hao kuwa kipimo cha wengine wote.


BintiKuze

Assalam aleikum tena. Imepita karibu miezi miwili, na nimeona ni haki yenu kujua yaliyotokea.

Niliyasoma majibu yenu na mamangu akiwa kando yangu. Alipofika penye mikoko ya mzee alinyamaza, kisha akasema kwamba marehemu babu yangu naye alikuwa karani maisha yake yote, na jioni alikuwa akitengeneza saa za majirani bila kuchukua malipo, jambo ambalo sikuwahi kuelezwa. Ami ndiye aliyenipeleka kwa fundi. Alikubali kwa urahisi kuliko nilivyotarajia, ila mama alishurutisha ndugu yangu mdogo anisindikize mara mbili za mwanzo.

Jumamosi ya kwanza nilipewa msasa, kama nilivyoonywa, na mbao tatu za kitanda. Saa tatu nzima. Mkono ulivimba. Jumamosi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Wakati wa chai nilipata ujasiri nikamweleza fundi ule mfaa wa Ndia Kuu, nikitarajia acheke. Hakucheka. Aliniuliza kama maua ya chini yanaanzia karibu na goti au karibu na kiuno, nikamwambia yanaanzia karibu na goti. Akasema basi hapakuwa na mafundi wawili waliofanya kazi pamoja. Huo ni mlango uliotiwa kiraka. Mti wa mlango huanza kuoza chini, akaeleza, kwa sababu maji ya mvua huruka kutoka barazani, na watu huosha sakafu wakayasukuma maji yatoke nje, kwa hiyo baada ya miaka mingi mguu wa mfaa hukatwa na kuungwa kipande kipya, na anayekitengeneza kipande huiga maua ya mwenzake kwa kadiri ya mkono wake. Akaniambia nikatafute kiungo.

Nilitoka karakana saa saba nikaenda moja kwa moja, ndugu yangu akilalamika jua. Kiungo kipo. Ni mstari mwembamba kuliko unywele, umekatwa kwa mshazari na kuzibwa kwa rangi, shibiri moja juu ya pale nilipodhani. Nilikuwa nimeupiga picha mlango ule mara sita bila kuuona. Siwezi kueleza vizuri nilichokihisi, ila nilikaa pale barazani mpaka adhana ya alasiri, na niliporudi nyumbani niliitoa kamera kabatini, nikazifungua zile picha zote nikaanza kutafuta viungo.

Sasa nimekwenda Jumamosi saba. Ya tano niliona uvivu na nilikwenda kwa kujilazimisha, nalisema hili kwa sababu mwalimu alinifundisha nisiogope. Kazini bado hati za shehena ni hati za shehena. Lakini nimeanza kuzitazama kwa jicho jengine zile za mbao zinazoingia bandarini, nikimwuliza ami mti huu unatoka wapi na unakwenda kwa nani, naye ananijibu kwa furaha, kwani katika miaka yake 26 ya kazi hiyo sidhani kama kuna aliyemwuliza.

Nina maswali mawili. La kwanza, rafiki yangu ananishauri niache kazi mapema, nianze kuuza visanduku na fremu zilizochongwa kupitia intaneti, kabla moyo haujapoa. Mnaonaje? La pili, fundi ameniambia Jumamosi ijayo nije na patasi yangu. Sijui ninunue ipi, na naona aibu kumwuliza.


MwalimuWaBamburi

Hongera, mwanangu. Kuhusu la kwanza, nakushauri ungoje, nami nina sababu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachunguza watoto wa shule ya chekechea ambao tayari walikuwa wakipenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo wangechora. Wengine walipewa cheti hicho bila kuahidiwa kwanza, na wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, watoto walipoachwa wacheze wapendavyo, wale waliokuwa wameahidiwa zawadi walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Wewe si mtoto, na fedha unazihitaji, lakini kumbuka keki ya nne ya harusi. Ulikuwa bado unajifunza kuoka wakati wateja walipoanza kukupangia rangi na siku. Usiwaalike wateja katika mti kabla hujajua mwenyewe unataka kuuchonga nini.


MzeeWaKilindini

Mimi nasema hivyo hivyo, bila utafiti. Baki kwa ami. Na mwambie fundi wako akuonyeshe mbambakofi wa zamani, ule uliotoka katika majahazi yaliyovunjwa, kama anao. Ukiushika utajua kwa nini milango ile ingali imesimama.


CherehaniYaMajengo

Dada yangu, hilo la pili ni langu. Usinunue seti. Zile patasi sita zinazouzwa pamoja katika mfuko wa plastiki zina chuma laini, zitapoteza makali kabla ya adhuhuri nawe utadhani kosa ni la mkono wako. Nunua moja tu, nzuri, hata ikiwa imetumika. Na aibu iache: mwulize fundi, kwa maneno haya haya, "Ustadhi, wewe ya kwanza ilikuwa ya upana gani?" Wangu nilipomwuliza kuhusu mkasi alifungua mtoto wa meza akanionyesha wake wa kwanza, umefungwa kwa kitambaa, na tangu siku ile alianza kuniita kwa jina.

Kabla ya Jumamosi jifunze kuinoa. Hapo juu ya jiwe utakaa zaidi kuliko juu ya mti.


BintiKuze

Nimemwuliza leo kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nusu inchi, na akasema nisinunue, anayo.